Mtu Mbele ya Watu: Mafunzo Niliyopata Katika Saikolojia ya Jamii

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja mkoani Morogoro. Siku zangu nyingi huishia kwenye mikutano ya mtaa, vikundi vya vikoba, kliniki za mama na mtoto na vikao vya kamati za kila aina. Saikolojia ya jamii niliisoma chuoni kama somo moja kati ya mengi, lakini uzito wake niliuona nilipoanza kazi.

Wengi wakisikia neno saikolojia hufikiria wagonjwa wa akili. Tawi hili linamhusu mtu wa kawaida kabisa. Linachunguza jinsi mawazo, hisia na matendo yake yanavyobadilika kwa sababu ya watu wengine, wawe wapo mbele yake au anawawaza tu. Naamini kila mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, muuguzi, mchungaji na imamu angefaidika kwa kuijua misingi yake. Haya ndiyo yaliyonifaa mimi.

1. Tazama hali kabla ya kumhukumu mtu

Malalamiko ninayoyapokea kuliko yote yanahusu tabia. Muuguzi ana roho mbaya, mtendaji ana dharau, vijana wa kijiweni ni wavivu. Dawa inayopendekezwa ni moja: aondolewe, aletwe mwingine. Nimeshuhudia muuguzi akihamishwa kwa malalamiko ya namna hiyo, na haukupita muda mrefu mrithi wake naye akaanza kuitwa mwenye roho mbaya. Zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja kwa zamu, foleni iliyofika nje ya geti, na dirisha la dawa ambalo alitakiwa kulihudumia yeye huyohuyo.

Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba tunapoeleza matendo ya wengine tuna kawaida ya kukuza tabia zao na kusahau mazingira yaliyowabana. Ushahidi ulionigusa zaidi ni wa John Darley na Daniel Batson, uliotolewa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton, wakawatuma mmoja mmoja kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba muda upo wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Haraka ndiyo iliyoamua.

Siku hizi nikiletewa lalamiko nauliza kwanza: anahudumia wangapi, kwa saa ngapi, anasimamiwa na nani, ana vifaa gani? Watu wabaya wapo, sikatai. Nimewakuta wachache kuliko ninavyoambiwa.

2. Anayetangulia kusema ndiye anayeweka kipimo

Nenda kwenye kikao cha kamati ya harusi, popote pale. Soda zimegawiwa, katibu amefungua daftari la ahadi, mwenyekiti ametoa maneno ya utangulizi. Sasa tazama nani anasimama kwanza. Mjomba wa bwana harusi akisema "laki moja na nusu", anayefuata atasema laki, wa tatu laki, na yule fundi cherehani aliyekuja na elfu ishirini moyoni atajikuta anatamka elfu sabini huku akitazama chini. Angetangulia mtu wa elfu thelathini, usiku ule wote ungekuwa wa thelathini na hamsini. Makatibu wazoefu wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Humpanga mtu wa kuanza, tena humkalisha mbele.

Muzafer Sherif, mtafiti aliyezaliwa Uturuki, aliliona jambo hilihili mwaka 1935 ndani ya chumba chenye giza. Aliwaonyesha watu nukta ndogo ya mwanga. Nukta haikusogea, ila gizani macho huiona kama inatembea. Akawauliza imesogea kiasi gani. Kila aliyekuwa peke yake alikuwa na makadirio yake. Walipokaa pamoja na kutamka kwa sauti, majibu yao yalikaribiana mpaka wakawa na kipimo kimoja cha kundi, na hata walipotenganishwa tena waliendelea kukifuata.

Mtu anaweza kusema pale hapakuwa na jibu la kweli, ndiyo maana walifuatana. Solomon Asch alilijibu hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yeye alitumia mistari iliyochorwa kwenye kadi, na swali ambalo hata mtoto angelijibu: ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na huu? Mezani mshiriki wa kweli alikuwa mmoja. Wengine wote walikuwa wamepangwa watoe jibu moja la makosa. Takriban theluthi moja ya majibu ya washiriki yalifuata kundi, na watu watatu katika kila wanne walikubaliana na kosa walau mara moja. Macho yao yalikuwa mazima. Baadhi walieleza baadaye kwamba hawakutaka kuonekana tofauti, wengine walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Katika majaribio hayo, mshiriki aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka, kufuata mkumbo kulipungua sana. Nimelifanyia kazi hilo. Kwenye kamati ninazoombwa kuziongoza, ahadi huandikwa kwenye vikaratasi na kukunjwa, kisha katibu husoma jumla peke yake. Jumla wakati mwingine hushuka. Lakini fedha inayoahidiwa hufika, na hakuna anayekwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili kulinda jina lake mbele ya wakwe.

3. Anayekataa akipata mwenzake, woga hupungua

Asch aligundua jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: akiwekwa mtu mmoja tu mezani anayetoa jibu sahihi, mshiriki alipata ujasiri na kufuata kundi kukashuka mno. Kilichokuwa kinambana ni upweke kuliko wingi wa waliompinga.

Stanley Milgram aliendeleza swali hilo upande wa mamlaka. Kuanzia mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, aliwaalika watu wa kawaida wa mji wa New Haven kushiriki katika kile walichoambiwa ni utafiti wa kumbukumbu. Kila mmoja alipewa kazi ya "mwalimu": kila "mwanafunzi" wa chumba cha pili anapokosea, ampige shoti ya umeme, akipanda hatua kwa hatua kutoka volti 15 hadi 450. Umeme haukuwepo na mwanafunzi alikuwa mwigizaji, ila mwalimu hakujua. Msimamizi mwenye koti la kijivu alimwambia kwa utulivu aendelee. Katika jaribio maarufu zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho, wengi wakitetemeka na kutokwa jasho.

Takwimu hiyo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni hii: walipowekwa "walimu" wengine wawili ambao katikati ya jaribio waligoma, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40.

Nililiona hilo likitokea kando ya stendi. Mgambo walikuwa wametumwa kuwaondoa mama lishe, na oparesheni za namna hii nazifahamu: sufuria humwagwa, meza huvunjwa, na ukimuuliza mgambo atakujibu kwamba anatekeleza maagizo. Siku ile kijana mmoja wao aliishika sufuria ya maharage iliyokuwa bado inachemka, akasita, kisha akaitua chini taratibu. Akamwambia mwenye nayo, "Mama, kusanya kwanza vyombo vyako, tunakusubiri." Mwenzake wa karibu naye akashusha rungu. Kabla kiongozi wao hajafika, karibu kikosi kizima kilikuwa kimesimama kinasubiri akina mama wafunge mizigo. Agizo lilitekelezwa, na hakuna chakula kilichomwagwa.

Tangu hapo, mtu akinijia na kuniambia kuna jambo halimpendezi kwenye kikundi chake lakini anaogopa kulisema, namshauri amtafute mwenzake mmoja kabla ya kikao. Mmoja anatosha.

4. Wingi wa watu si wingi wa msaada

Ajali za bodaboda kwenye barabara yetu kuu ni nyingi. Ikitokea, watu hukusanyika upesi, na majeruhi anaweza kubaki chini huku duara likizidi kuwa kubwa. Wanaotazama kwa mbali husema utu umekwisha. Mimi naona kitu kingine. Kila mmoja anawaangalia wenzake, anaona wametulia, anadhani jambo si zito hivyo au kuna mtu ameshapiga simu. Nao wanamwangalia yeye na kudhani vivyo hivyo.

Utafiti wa jambo hili ulianzia kwenye mauaji ya Kitty Genovese, jijini New York, mwaka 1964. Gazeti liliandika kwamba mashahidi 38 walitazama bila kufanya lolote. Baadaye ilibainika kwamba habari ile ilitiwa chumvi: wengi wa waliotajwa hawakuona shambulio, na wapo waliojaribu kusaidia. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walilipima. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kupitia kipaza sauti, ghafla akamsikia mmoja wao akipatwa na kifafa. Aliyeamini kwamba ni yeye pekee anayesikia alitoka kutafuta msaada katika asilimia 85 ya majaribio, kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Aliyeamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Na hao waliobaki vyumbani hawakuwa watu wakavu. Watafiti waliwakuta wakitetemeka mikono.

Dawa yake ni rahisi, na nawafundisha vijana wa bodaboda kila ninapopata nafasi. Usipige kelele "jamani saidieni!" Mwite mtu kwa alama: "Wewe kaka mwenye shati jekundu, piga simu polisi. Dada mwenye kikapu, mshikie kichwa asitikisike. Wewe, simamisha gari." Jukumu likishakuwa na mwenyewe, watu hufanya.

Nchini Kenya jambo hili lilifikishwa ndani ya matatu. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya magari vibandiko vinavyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba madai ya bima kwa magari hayo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Dereva ni yuleyule na barabara ni ileile. Abiria aliyekuwa akinung'unika kimoyomoyo alipewa idhini ya kusema, na akajua kwamba wenzake nao wameisoma.

5. Kazi isiyo na jina hutegewa

Hapa sitakaa sana, maana kila aliyewahi kushiriki msaragambo analijua. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za wanaume wanaovuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya hasara ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja, lakini majaribio ya miaka ya 1970 yalithibitisha kwamba juhudi yenyewe hupungua. Tunapochimba mtaro, tunapima kwa hatua, tunapiga vigingi, na kila kaya inapewa kipande chake. Mtaro unaochimbwa "na wote" huishia katikati.

6. Akina mama hubadilika wakiamua pamoja

Katika kazi yangu hili ndilo fundisho nililolitumia kuliko mengine, na limeniachia heshima kubwa kwa Kurt Lewin, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, na ambaye wengi humhesabu kuwa mwasisi wa saikolojia ya jamii ya leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilitaka familia zile nyama za ndani, moyo na figo, kwa kuwa nyama nyingine ilikuwa haba. Kwetu figo ni kitoweo cha kugombewa; kule akina mama wengi waliziona ni chakula duni. Lewin alichukua vikundi vya akina mama wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Baadhi walipewa mhadhara mzuri wenye takwimu na mapishi. Wengine waliwezeshwa kujadiliana wenyewe kuhusu vikwazo: mume atasemaje, harufu yake je, watoto watakula? Mwishoni waliombwa wanyooshe mikono, nani yuko tayari kujaribu. Waliosikia mhadhara, asilimia 3 walikwenda kupika nyama hizo. Walioamua pamoja, asilimia 32.

Soma tena tarakimu hizo ukiwa afisa ambaye bajeti yake yote ni ya mihadhara.

Kliniki yetu ilikuwa na kipindi cha lishe cha kila wiki. Mtoa mada husimama, akina mama hukaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, hutikisa vichwa, huondoka. Tuliomba kibali cha kubadilisha. Akina mama walikaa duara kwenye mkeka, na swali likawa moja: nini kinakuzuia kumwekea mtoto dagaa au karanga kwenye uji? Yakatoka yasiyokuwemo kwenye mhadhara wowote. Mmoja alisema mama mkwe anaamini dagaa humletea mtoto minyoo. Mwingine alisema kinu ni cha jirani waliyegombana naye. Palepale mwenzao akajitolea kinu chake, na binti aliyekuwa kimya muda wote akasema mama mkwe wake anamsikiliza mwenyekiti wa kikundi kuliko daktari, basi mwenyekiti aende. Walikubaliana siku ya kuanza, kila mmoja akainua mkono akionekana na wenzake.

Kuhusu nguvu hiyo ya kuonekana na wenzako, jirani zetu wa Rwanda wametupa ushahidi wenye uzito wa peke yake. Nchi ambayo mwaka 1994 redio ilitumika kuchochea mauaji ya kimbari ilikuja kuwa na mchezo wa redio wa Kinyarwanda, Musekeweya, unaohusu upatanisho. Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mzima na vile vilivyosikiliza mchezo wa afya. Utafiti wake, uliotoka mwaka 2009, ulionyesha kwamba imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya kile ambacho jamii inakikubali, pamoja na baadhi ya matendo, kama vile kuthubutu kupingana hadharani na kushirikiana. Mtu alikuwa bado na mawazo yake, ila aliona kwamba majirani wanatarajia kitu kingine kutoka kwake.

7. Posho inaweza kuua sababu

Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kupindukia, kisha wakawalipa ili wamwambie mtu anayefuata kwamba ni kazi ya kufurahisha. Waliolipwa dola 20 waliendelea kuiona inachosha. Waliolipwa dola 1 walisema ilikuwa nzuri kiasi. Mwenye dola 20 alikuwa na sababu tosha ya maneno yake. Mwenye dola 1 alilazimika kuitafuta sababu ndani yake, na akaishia kuyaamini aliyoyasema.

Nawafikiria watu hao kila mradi unapofika na bahasha. Nimeona vikundi vya usafi vilivyofanya kazi vizuri kwa hiari kabla ya posho kuanza, vikisimama wiki ambayo posho hiyo ilikatwa. Anayesafiri arudishiwe nauli yake, hilo ni haki. Lakini kumlipa mtu kwa kufagia mbele ya mlango wake ni kumfundisha kwamba usafi ni wa mradi.

8. Mpaka wa "sisi" unasogea

Henri Tajfel alizaliwa Poland, akapigana vita upande wa Ufaransa, akashikwa mateka na Wajerumani, na alipoachiwa akakuta jamaa zake wengi wameuawa. Baadaye alitafuta kujua ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwagawa watu. Huko Bristol, aliwagawa wavulana kwa kuwaambia kwamba wanapenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Hawakujuana ni nani yuko wapi na hawakuwa na ugomvi wowote. Bado waliwapendelea wa kundi lao walipogawa fedha, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate pungufu ili mradi liwazidi wale wengine.

Sherif, yule wa nukta ya mwanga, alionyesha mwaka 1954 kambini Oklahoma jinsi ya kurudi nyuma. Wavulana wa makundi mawili waliokwisha kuwa maadui hawakupatana kwa kulishwa pamoja, walirushiana chakula. Walianza kupatana bomba la maji ya kambi lilipoziba na lori la chakula lilipokwama, mambo ambayo hakuna kundi lingeyamaliza peke yake. Tena ilihitajika mfululizo wa kazi kama hizo.

Kwetu wakulima na wafugaji wamezikana, na siandiki hilo kwa wepesi. Semina za amani tumekaa nyingi. Kilichosogeza mambo ni kivuko kilichosombwa na mvua za masika: maziwa hayakuvuka, mahindi nayo hayakuvuka. Walikijenga pamoja, baadaye wakaunda kamati ya kukitunza, na kamati hiyohiyo ndiyo inayoitwa sasa ng'ombe wakiingia shambani kabla mtu hajashika fimbo.

Na sera za nchi zina mkono wake. Edward Miguel alilinganisha Busia, Kenya, na Meatu, Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Upande wa Busia, maeneo yenye makabila mengi yalichangia shule zake kidogo kuliko yenye kabila moja. Meatu haikuonyesha pengo hilo. Yeye aliona chanzo ni miaka mingi ya siasa ya kujenga taifa moja, pamoja na lugha ya Kiswahili shuleni na serikalini.

9. Utafiti wa kwetu bado ni mchache

Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionya kwamba karibu washiriki wote wa tafiti za saikolojia wanatoka nchi chache tajiri za Magharibi, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo. Baadhi ya majaribio maarufu yamelaumiwa pia kwa jinsi yalivyoendeshwa, hasa lile la gereza la kuigiza la Stanford la mwaka 1971, ambalo mimi silifundishi tena. Hata tabia ya kufuata mkumbo hutofautiana kwa nchi: mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya majaribio ya aina ya Asch kutoka nchi 17, wakaona kwamba kufuatana ni kwingi zaidi pale ambapo watu huishi kwa kutegemeana. Kama ni hivyo, vikao vyetu ndipo pa kuanzia.

Basi ombi langu ni kwa wahadhiri na wanafunzi wa saikolojia na maendeleo ya jamii katika vyuo vyetu. Njooni kwenye vikoba, misikitini na makanisani, kwenye daladala na kamati za harusi. Hesabuni nani anaanza kusema, nani ananyamaza, na nini hutokea mmoja anapokataa. Kisha andikeni matokeo kwa Kiswahili, yafike kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa yule mama wa kwenye mkeka.